Nyoka wa Kijani Kwenye Majani ya Viwavi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja Ukingoni mwa Arabuko-Sokoke

Mgonjwa katika kisa hiki ni mama mfugaji wa vipepeo, mkazi wa kijiji kinachopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa Gede, Kaunti ya Kilifi. Tangu mradi wa Kipepeo uanzishwe mwaka 1993, kaya nyingi za ukingoni mwa msitu huo hujipatia riziki kwa kulea viwavi na kuuza pupa, yaani kiwavi aliyejifunga kabla ya kugeuka kipepeo. Kazi yenyewe haina likizo. Kiwavi hula bila kupumzika, na kila aina ina miti yake. Usipompa majani yake, hufa njaa huku amezungukwa na kijani kibichi. Kwa hiyo mama huyu alikuwa amepanda vichaka vya majani ya viwavi nyuma ya nyumba, chini ya mkanju, hatua chache kutoka kwenye vibanda vyake vya wavu.

Yapata saa nne asubuhi alipeleka mkono ndani ya kichaka kuvuta tawi, akaumwa ukingoni mwa kiganja, upande wa kidole cha mwisho. Alichokiona ni kitu cha kijani kikipanda juu kwa kasi. Mwanawe alikuja mbio na ufito, akamwangusha nyoka na kumpiga kichwani. Kufikia hapo majirani walikuwa wamejaa uani na jina lilikuwa limeshatolewa: koboko wa kijani.

Leso ikachanwa, ikafungwa juu ya kiwiko na kukazwa kwa kijiti. Mzee wa jirani, mtu anayeheshimiwa na ambaye huitwa kila panapotokea jambo la namna hii, akaleta jiwe la nyoka, lile jeusi linalobandikwa kwenye jeraha ili linyonye sumu. Akalibandika palipokuwa panatoka damu, likashika. Ndipo bodaboda ikaitwa. Mama akapakiwa kati ya dereva na mwanawe, nyoka akatiwa kwenye gunia la sukari. Walipofika kituo cha afya mama alikuwa anahema kwa kasi, ametapika njiani, midomo inamchonyota, na mkono umekufa ganzi, umevimba na kugeuka rangi ya zambarau hadi vidoleni.

Mtu anayejua jinsi koboko anavyoua, akisomewa dalili hizo bila kuonyeshwa nyoka, ataogopa, na ana kila sababu.

Mimi niliitwa kwa ajili ya gunia. Kazi yangu ni nyoka na mijusi wa misitu ya pwani, na daktari wa zamu alitaka kujua jambo moja tu: huyu ni yupi?

Aliyekuwa ndani ya gunia

Rangi niliiweka kando kwanza. Pwani yetu ina nyoka wa kijani wa aina kadhaa, na wanaochanganywa kila siku ni wa makundi matatu. Kuna koboko wa kijani (Dendroaspis angusticeps), ambaye sumu yake inaweza kumuua mtu mzima. Kuna bumslangi (Dispholidus typus), ambaye dume wake mara nyingi ni kijani na ambaye naye anaua, ila kwa njia nyingine na kwa mwendo wa polepole. Halafu kuna nyoka wa vichakani wa jenasi Philothamnus, wasio na sumu, ambao peke yao wana spishi takriban 20 katika Afrika kusini mwa Sahara. Wote watatu ukiwaona kwa sekunde mbili ndani ya majani, utasema neno lilelile.

Tena rangi ya kijani ya nyoka haina uaminifu hata kidogo. Hutokana na rangi ya njano iliyotandazwa juu ya tabaka la ngozi linaloakisi buluu. Njano hiyo huyeyuka ndani ya spiriti, ndiyo maana kwenye mitungi ya makumbusho utawakuta nyoka waliokuwa kijani walipokuwa hai wamebaki buluu tupu. Anayemtambua nyoka kwa rangi anategemea kitu kinachoweza kuoshwa.

Nikaanza na magamba. Unachagua mahali katikati ya mwili, halafu unahesabu magamba ya mgongoni kwa mshazari, kutoka ukingo mmoja wa tumbo hadi wa pili. Huyu alikuwa na safu 15. Koboko wa kijani huwa na 17 hadi 21, kwa kawaida 19. Bumslangi naye kwa kawaida ana 19, na juu ya hayo magamba yake ya mgongoni yana kigongo cha katikati kilichoinuka, ukimpapasa unahisi mkwaruzo. Mgongo wa huyu ulikuwa laini.

Kisha nikamgeuza. Kila gamba pana la tumboni lilikuwa na kunjo mbili, moja kila upande, na kunjo hizo zilipangana kutoka shingoni kwenda mkiani zikafanya mistari miwili yenye makali. Ukipitisha ukucha kutoka ubavuni, unanasa. Kwa makali hayo nyoka huyu hushika nyufa za magome na kupanda shina lililosimama wima bila kulizunguka. Tumbo la koboko wa kijani halina kitu hicho.

Jicho lilikuwa kubwa, mboni ya duara, kwenye kichwa kifupi. Koboko ana kichwa kirefu chembamba ambacho jicho lake huonekana dogo. Mwili ulikuwa mwembamba, urefu chini kidogo ya mita moja, na karibu theluthi yake ni mkia. Sehemu ya mbele ilinyunyiziwa madoa madogo meusi.

Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umepondwa, ila ule mwingine ulisalimika, nayo ilikuwa bahati kwa uchunguzi. Nilifungua taya na kupitisha sindano taratibu juu ya ufizi, nikihesabu kwa mguso. Meno yalikuwa madogo, yaliyopinda kuelekea kooni, ya ukubwa unaokaribiana kuanzia mbele hadi nyuma. Mbele hapakuwa na chonge. Nyuma hapakuwa na jino kubwa lenye mfereji. Hilo la nyuma nililirudia, maana chonge za bumslangi ziko ndani, chini ya jicho, na anayechungulia mbele ya mdomo pekee atamkosa na kutangaza salama mahali ambapo hakuna usalama.

Safu 15, mgongo laini, tumbo lenye makali mawili, meno yasiyo na chonge, madoa meusi: Philothamnus punctatus. Hana sumu. Nilimweleza daktari hivyo, nikamwonyesha kila alama kwa kidole ili asilazimike kuniamini kwa jina langu.

Kwa nini alikuwa pale

Nilipompasua baadaye nilikuta tumboni mjusi kafiri mzima, amemezwa kichwa kwanza, mkia wake bado haujaanza kuyeyuka. Kwangu mimi mjusi yule anaeleza nusu ya kisa.

Nyoka huyu ni mwindaji wa mchana anayetegemea macho. Anaishi kwenye vichaka na miti ya pwani ya Afrika Mashariki, kutoka Somalia hadi Msumbiji, msituni na nje ya msitu. Chakula chake ni mijusi hasa: mjusi kafiri, vinyonga, na wengineo wa mitini, pamoja na vyura wa mitini akiwapata. Usiku hupanda kwenye ncha za matawi membamba na kulala akiwa amejikunja juu ya majani, mahali ambapo mnyama mzito hawezi kumfikia bila kulitikisa tawi. Jike hutaga mayai machache, marefu kuliko mapana, mahali penye unyevu na giza. Hachimbi, hajengi, haingii nyumbani kumfuata mtu. Anafuata mijusi.

Sasa tazama ua wa mfugaji wa vipepeo. Vipepeo wengi wa msituni hulishwa matunda yaliyoiva kupita kiasi. Matunda hayo huita nzi, na nzi huwaita mijusi. Kando ya vibanda kuna vichaka vinavyokatwa kila siku, kwa hiyo huchipua majani mapya kila mara na hukaa vizito. Chini ya mkanju kuna kivuli chenye mwanga uliokatikakatika. Mtu angetaka kumtengenezea Philothamnus makao mazuri, asingefanya tofauti sana na alivyofanya mama yule bila kukusudia. Nyoka alikuwa ameshakula, ametulia ndani ya majani anayofanana nayo, jua likimpasha moto. Kinga yake ya kwanza ni kutotikisika. Mkono ukaja moja kwa moja ukambana dhidi ya tawi.

Akibanwa, nyoka huyu huuma, tena bila kusita. Kabla ya hapo, akipata nafasi, huvimbisha koo hadi magamba yanaachana na ngozi ya buluu yenye madoa meupe inaonekana katikati yake. Nimeliona tendo hilo mara nyingi na bado hunisimamisha kwa uzuri wake. Kwa bahati mbaya bumslangi naye huvimbisha koo, kwa hiyo tishio ambalo lingemwokoa mbele ya ndege ndilo linalomhukumu mbele ya binadamu.

Hata hivyo majirani hawakuwa wajinga kumtaja koboko. Koboko wa kijani wanaishi kweli kwenye mikanju na miembe ya ukanda huu. Ila maisha yao ni mengine. Ni nyoka wakubwa zaidi, wanaofika mita mbili na kupita, wanaokula ndege na panya, na wanaopenda kukaa juu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 kutoka Gazi, kusini mwa pwani yetu, uliwafuatilia kwa vifaa vya redio na kukuta kwamba walisogea mita chache tu kwa siku, wakikaa mahali pamoja wakivizia. Koboko anayekimbizana na mijusi kafiri kwenye kichaka cha kiunoni si jambo lisilowezekana, lakini si desturi yake.

Dalili zilitoka wapi

Basi kama nyoka hakuwa na sumu, mama alikuwa anaumwa nini?

Mkono ni leso. Kitambaa kilichokazwa kwa kijiti huzuia damu kurudi, na haichukui muda mrefu mkono kuvimba, kufa ganzi na kugeuka rangi. Kuhema na kutapika ni hofu, na hofu ni ya mwilini kabisa. Mtu akihema kwa kasi mno hupunguza kaboni dioksidi katika damu yake kupita kiasi, na matokeo yake ni kuchonyota kwa midomo na ncha za vidole, kizunguzungu, hata vidole kukakamaa. Mama hakuwa anajifanya. Alihisi kila alichokisema.

Ugumu uko hapa: kuchonyota kwa midomo, kutapika na kushindwa kupumua vizuri ni miongoni mwa dalili ambazo sumu ya koboko nayo huanza nazo. Sumu hiyo ni mchanganyiko wa protini ndogo zinazovuruga mawasiliano kati ya neva na misuli. Nyingine huziba njia za potasiamu kwenye neva, nyingine huzuia kimeng'enya kinachoondoa asetilikolini, kemikali inayopeleka amri ya neva kwenye misuli, baada ya kazi yake, na misuli hubaki ikipokea amri isiyokoma. Mgonjwa hutokwa jasho na mate, misuli humcheza chini ya ngozi, kisha kupumua kunamshinda.

Daktari alizitafuta dalili hizo moja moja. Alitazama kama kope zimelegea. Alimpa maji ameze. Alimwambia ainue kichwa kutoka kwenye mto dhidi ya mkono wake. Alimulika ngozi ya kifua na mapaja kuona kama misuli inacheza. Hakukuwa na kitu. Muuguzi alikaa karibu naye, akamshika mkono mzima na kumwongoza: "Mama, vuta pamoja nami. Taratibu. Haya, toa." Baada ya muda midomo ikatulia. Hilo peke yake lilisema mengi, maana sumu haitulizwi kwa maneno.

Leso ilifunguliwa polepole, kingasumu na adrenalini, dawa ya mzio mkali, zikiwa mezani. Ilibidi iwe hivyo, kwa sababu kama kungekuwa na sumu iliyozuiliwa mkononi, kuifungua ghafla kungeiachilia yote kwa mkupuo. Mkono ulirudi rangi yake, uvimbe ukashuka. Jeraha lilipooshwa lilionekana mistari miwili mifupi ya nukta, mikwaruzo zaidi kuliko matundu.

Kingasumu haikutolewa, na huo ulikuwa uamuzi sahihi. Dawa hiyo hutengenezwa kutokana na damu ya farasi, na baadhi ya wagonjwa hupata mzio mkali unaoweza kuua wenyewe. Kwa mtu mwenye sumu mwilini, hatari hiyo inastahili kubebwa. Kwa asiye na sumu, hakuna anachopata isipokuwa hiyo hatari. Wapo waliosema mle chumbani, "Mpeni tu, kwa usalama." Lakini kingasumu ya mchanganyiko kutoka Afrika Kusini, ambayo hufanya kazi dhidi ya koboko, haifanyi kazi dhidi ya bumslangi; bumslangi ana dawa yake peke yake. Usalama wa kutoa bila kujua haupo.

Kwa nini alilazwa hata hivyo

Nilikuwa na hakika ya nyoka niliyemshika. Daktari akamlaza mama hadi kesho yake, nami nilimuunga mkono bila kusita. Jambo moja halikuwa mikononi mwa yeyote kati yetu: hakika kwamba nyoka aliyepigwa ndiye aliyeuma. Kijana alifika baada ya mama kupiga kelele. Kichaka kilikuwa kizito. Uwezekano wa nyoka wawili wa kijani kwenye kichaka kimoja ni mdogo, lakini gharama ya kuupuuza ni uhai wa mtu.

Kati ya wale wawili wa hatari, aliyenisumbua akili ni bumslangi, kwa sababu sumu yake haiharakishi. Huvuruga ugandaji wa damu, na mgonjwa anaweza kukaa saa nyingi akijiona mzima. Tarehe 25 Septemba 1957, Karl P. Schmidt, mmoja wa wataalamu wakubwa wa reptilia duniani, aliumwa kidole gumba na bumslangi mchanga katika makumbusho ya historia ya asili ya Chicago. Nyoka huyo alikuwa ameletwa kutoka bustani ya wanyama ili atambuliwe. Schmidt na wenzake walimshuku kuwa bumslangi, lakini gamba moja la chini, lile la mwanzo wa mkia, halikuwa limegawanyika kama walivyotarajia, na likawatia wasiwasi juu ya utambuzi wao. Chonge moja tu iliingia, nyoka alikuwa mdogo, na bumslangi wakati huo hakuhesabiwa kuwa muuaji. Aliandika dalili zake mwenyewe hatua kwa hatua: kichefuchefu, homa, kutokwa damu kwenye fizi. Asubuhi alijisikia nafuu. Mchana wake akafa.

Ndiyo maana mimi sisimamii alama moja, na ndiyo maana daktari hakuchukua neno langu kama cheti cha kumruhusu mgonjwa. Alitumia kipimo ambacho kituo chochote kinaweza kukifanya. Damu kidogo, mililita mbili hivi, inatiwa kwenye kichupa cha kioo kipya, kisafi na kikavu, kinaachwa kimesimama bila kuguswa kwa dakika 20, halafu kinainamishwa. Damu nzima huwa imeshaganda na kubaki chini. Damu iliyoharibiwa na sumu humwagika kuelekea mdomo wa kichupa. Ya mama iliganda. Ikarudiwa jioni, ikarudiwa usiku, ikaganda kila mara.

Jiwe

Asubuhi iliyofuata mama alikuwa ameketi kitandani anakunywa uji. Mzee akaja kumjulia hali, na ndugu waliokuwa pale wakamshika mkono mmoja mmoja. Hapo ndipo kisa hiki, kwa maoni yangu, kinapofika mahali pake pa hatari zaidi.

Nilimsalimu, "Shikamoo, mzee," akaitikia, tukakaa kwenye benchi la nje. Akaniambia, "Mwanangu, jiwe hili nimelitumia tangu ujana. Nimeona watu wanainuka."

Nikamwambia naamini kwamba aliwaona wakiinuka. "Lakini mzee, katika hao, wangapi nyoka wao alijulikana?"

Alifikiri. "Wengi hukimbia. Nani atamfuata?"

Mzee huyu si tapeli. Hatozi cha maana, anakuja usiku akiitwa, na anasema alichokiona kwa macho yake. Shida ni kile anachoonyeshwa. Vichaka vya ukanda huu vimejaa nyoka wasio na sumu, au wenye sumu isiyomdhuru binadamu, na hao ndio wanaokutana na mikono ya watu wanaokata majani. Hata nyoka wa sumu mara nyingine huuma bila kutoa sumu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na wanaopatwa na madhara ya sumu ni kati ya milioni 1.8 na 2.7. Nusu au zaidi ya walioumwa, basi, wangepona kwa jiwe, kwa majani, kwa maji ya kunywa, au kwa kukaa kivulini. Dawa yoyote ukiiweka mbele ya watu hao itaonekana inaponya, na anayeitoa atapata ushahidi wa kweli, wenye majina na sura, wa kitu ambacho si kweli. Jiwe lenyewe hushika kwenye jeraha kwa kuwa lina vinyweleo vinavyonyonya majimaji. Sumu ikishaingia ndani ya nyama haifikiwi.

Fikiria kama nyoka yule angeponyoka. Kijiji kingebaki na simulizi hii: mama aliumwa na koboko wa kijani, mkono ukageuka zambarau, akatapika, akabandikwa jiwe, asubuhi akaamka. Kila kipande kingekuwa na shahidi. Simulizi hiyo ingesafiri, na siku koboko wa kweli atakapomuuma mtoto wa mtu, saa ya kwanza, ile ambayo bodaboda ingemfikisha hospitali, ingepewa jiwe.

Kwa hiyo nyoka asiye na sumu naye ana sehemu katika vifo vya sumu, bila yeye kumdhuru yeyote. Watu wengi wanaotetea nyoka hawa husema wasiuawe kwa sababu hawana madhara na wanakula wadudu wa huku na kule. Mimi nawatetea kwa sababu ni viumbe wa msitu huu na wana haki ya kuwa ndani yake, lakini nikizungumza na daktari nasema jambo jingine: asiyemjua Philothamnus hajui dawa yake inafanya nini.

Lazima niseme hapa kwamba kufaa kwa gunia katika kisa hiki kusimtume mtu kumfuata nyoka. Anayemfukuza huwa mgonjwa wa pili, na kichwa cha nyoka aliyekufa bado kinaweza kuuma kwa mshtuko wa neva. Picha ya simu kutoka mbali, hata mbaya, inayoonyesha jicho na kichwa, inatosha kuanzia. Na kama hakuna picha, daktari hutibu dalili. Pwani tuna bahati ya kuwa na Bio-Ken huko Watamu, kituo alichokianzisha James Ashe mwaka 1980, ambako watu wamekuwa wakijifunza kuwatofautisha nyoka hawa kwa kuwatazama wakiwa hai.

Kilichoandikwa daftarini

Kijana aliyemuua nyoka aliniuliza swali bora kuliko yote: je, sasa wasiogope nyoka wa kijani? Nikamjibu hapana. Nyoka huyu mmoja ametambuliwa. Wa kesho hajatambuliwa. Mkanju wao ni mti ambao koboko angeupenda. Tulikubaliana kuhusu kazi: vichaka vitikiswe kwa ufito mrefu kabla ya mkono kuingia, vipunguzwe visizidi kimo cha kifua ili ndani paonekane, na maganda ya matunda yaliyooza yafukiwe mbali na vibanda.

Daftari la kituo lilikuwa na mstari mfupi: kuumwa na nyoka, amepona, ameruhusiwa. Nilimwomba daktari aongeze, kwa sababu mstari wa namna hiyo ukikusanywa na mingine mia unafanya kosa lilelile la jiwe, kwa mwandiko wa kitaalamu. Akaandika: nyoka asiye na sumu, Philothamnus punctatus, ametambuliwa kwa magamba na meno, hakuna dalili za sumu hadi kuruhusiwa, damu imeganda katika vipimo vyote, kingasumu haikutolewa, kabla ya kufika mgonjwa alifungwa leso na kubandikwa jiwe, na uvimbe wa mkono umetokana na leso.

Mzee aliomba asomewe. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama pameandikwa kwamba jiwe limemdhuru mgonjwa. Daktari akamwambia hapana, limeandikwa kwamba lilitumika, na ni kweli lilitumika. Akasema hilo analikubali. Kisha akamwambia yule kijana kwamba safari nyingine bodaboda iitwe kwanza, na kama ni lazima jiwe libandikwe, libandikwe mgonjwa akiwa tayari amepanda.